Ukurasa wa Kwanza wa Kitabu cha Kisiwani

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba mgeni hakukunja uso.

Alikaa kwenye kona ya banda la nyama choma la mama mdogo Scholastica, pale Nyamongo, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi. Mbele yake kulikuwa na sahani ya mbuzi na bakuli dogo la kichuri. Kichuri ni mchuzi wa kijani unaotoka kwenye matumbo ya mbuzi, na ndani yake kuna tone la nyongo. Mgeni akiuonja mara ya kwanza hufumba jicho moja, hutafuta maji, halafu husema ni mtamu kwa sababu amelelewa vizuri. Nimewahudumia wengi, mafundi wa mgodini, makarani wa mjini, hata mzungu mmoja aliyetusifu huku machozi yanamtoka. Huyu alichovya mara mbili, akatafuna, akalamba kidole gumba, akachovya tena.

Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma risala, "Haya ndiyo mambo ya bara. Sisi watu wa kisiwani tumezoea pweza."

Kazi yangu ilikuwa kunawisha watu mikono, na anayenawisha watu mikono huonekana kama birika. Mbele ya birika watu husema mambo ambayo hawamwambii padri.

Jina lake, alisema, ni Bwana Seif. Alikuwa anapita tu, na nadhani hapo alisema kweli. Lakini banda letu linatazama soko, na soko siku hiyo lilikuwa limefurika. Mikungu ya ndizi ilikuwa imelala chini kama watu waliochoka. Parachichi zilikuwa zinabingirika hadi barabarani na pikipiki zinazikanyaga.

"Mama," alimwuliza Scholastica, "parachichi hizi mnauza wapi?"

"Hapa hapa. Zikizidi tunawapa nguruwe."

Bwana Seif aliweka mfupa chini kwa heshima, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Macho yake yalitoka kwenye parachichi, yakapita kwenye ndizi, yakaenda kutua juu ya Nikodemo.

Nikodemo ndiye mwenye duka la jumla na stoo kubwa kuliko zote pale sokoni. Ni mtu anayepima sukari huku kidole chake nacho kikiwa juu ya mzani. Wakati huo alikuwa anabishana na mama mmoja kuhusu mkungu wa ndizi, na kwa kuwa sisi Wakurya hata tukisalimiana mgeni hutafuta pa kujificha, mabishano yenyewe yalisikika hadi mtoni.

Bwana Seif alinawa. Akafungua mkoba, akatoa kitabu chenye jalada la plastiki na picha ya ufukwe, akakiweka mezani mahali ambapo kila mtu angekiona. Juu yake kulikuwa kumeandikwa kwa herufi kubwa: WAPI PA KUNUNUA CHAKULA KISIWANI. MWONGOZO WA MGENI.

Mtego ukishategwa, ndege hujileta. Scholastica alikuja kufuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Kurasa zote ni tupu," alisema.

"Ndiyo maana nimetumwa, mama yangu."

Baada ya dakika kumi banda lilijaa. Nikodemo aliacha ugomvi wake katikati, akaja na kuketi mbele.

"Ndugu zangu," alianza Bwana Seif, "mtalii anashuka Unguja ana njaa. Hotelini anauziwa yai moja kwa bei ya kuku na banda lake. Anasema, acha ninunue mwenyewe, nipike mwenyewe. Anauliza, wapi? Huyu anamwelekeza kushoto, yule anamwelekeza baharini. Anazunguka juani mpaka anakuwa mwekundu kama nyanya ambayo hajaipata. Sasa wenye hoteli wameamua. Litajengwa duka moja kubwa, bei imeandikwa ukutani, na kila mtalii atapewa kitabu hiki akiwa uwanja wa ndege. Vitu vitoke wapi? Wakasema, vitoke mahali penye udongo mwekundu na watu wakweli."

Kwenye "watu wakweli" tulitazamana. Nikodemo alikohoa.

"Unguja ni mbali," Scholastica alisema. "Ndizi zitaozea njiani."

"Mama, samaki wa Musoma wanafika Ulaya wamelala kwenye barafu. Ndizi ya Tarime ishindwe na Unguja tu hapo? Tena ndizi haina hata miiba."

Watu walicheka. Nikodemo hakucheka, alikuwa anapiga hesabu.

"Sema ukweli, bwana mkubwa. Kuingia kwenye hicho kitabu ni shilingi ngapi?"

Bwana Seif alifunga kitabu. Alikifunga taratibu, akasimama, akaanza kukirudisha mkobani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukaniwa mama.

"Hela? Nimetaja hela mimi? Siku nikipokea hata shilingi moja ya mtu hapa, mniite tapeli mbele ya wanangu."

"Kaa, kaa, baba," watu walimsihi. "Nikodemo, wewe nawe! Mgeni hajamaliza hata kuchokonoa meno umeshamtajia hela."

Hapa niseme jambo moja kwa ajili ya heshima ya mji wetu. Sisi si wajinga. Tumeshapitiwa na tapeli wa mikopo, na tapeli wa dhahabu iliyokuwa shaba, na yule wa ujumbe wa simu anayesema ile hela itume kwa namba hii. Wote waliomba hela. Kwa hiyo tulikuwa tumeshahitimu, na somo tulilolikariri ni kwamba asiyeomba hela si tapeli. Ndilo kosa letu, na nalitamka kwa unyenyekevu.

"Nachukua sampuli tu," alisema Bwana Seif alipokubali kuketi. "Kidogo. Kamati ya Ladha itaonja, na mwenye kitu bora ataandikwa ukurasa wa kwanza. Jumamosi naondoka."

Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi foleni ilianzia mlangoni kwetu. Watu wa Busawe walileta karanga na mtama kwa pikipiki. Watu wa Kerende walileta mayai. Kila sampuli Bwana Seif aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akafumba macho, akaandika kitu kwenye karatasi.

"Mayai matatu?" alimwuliza mama mmoja kwa huruma. "Kamati ina watu kumi na wawili, mama."

"Basi nitaleta kumi na mawili."

"Na wana wake zao."

Mama yule alirudi na trei nzima, na jirani yake aliyemwona akaleta mbili.

Walikuja pia vijana wawili kutoka Ringwani na magunia ya viazi vitamu, viazi vizuri, vinene kama miguu ya mtoto. Bwana Seif aliwatazama, akatazama chini, akasema Ringwani bado, Kamati haijafika huko kwa sasa. Wakaondoka wamenuna. Mimi niliwanawisha mikono bure, nikajiuliza mtu wa kisiwani ameikosea nini Ringwani hata aiogope.

Nikodemo naye hakulala. Sampuli ya kwanza alileta mikungu mitano. Aliposikia kuna mtu wa Busawe ameleta sita, akaleta kumi. Akatoa stoo yake vitu vihifadhiwe. Akamkodi Gidion, mwenye Fuso, aje Jumamosi. Akamvuta Bwana Seif pembeni, pembeni ikiwa ni hatua mbili kutoka kwenye birika langu.

"Mimi nimetoa kwa moyo mmoja, unaona mwenyewe."

"Naona, mzee wangu."

"Basi mimi niandike mbele. Hawa wengine waandike nyuma kabisa, pale kwenye gundi."

"Mzee Nikodemo, wewe ni mtu wa ukurasa wa kwanza tangu ulipozaliwa."

Nikodemo alitembea siku nzima akiwa mrefu kidogo.

Jumatano walikuja kuku, wakiwa hai, maana Kamati haionji kuku wa jana. Wakaja mbuzi. Na nikiri, nilikuwa nafurahia. Kila Nikodemo alipopita na mbuzi mwingine wa kutoa, mimi niliinamisha kichwa nikanawisha watu kwa bidii, kwa sababu nikicheka huwa naonekana.

Kicheko kiliniisha Alhamisi.

"Tumesahau jambo," Bwana Seif alisema akinywa chai ya Scholastica. Aliitazama chai kama nabii anavyotazama maji. "Mtalii anakunywa chai. Chai inataka maziwa. Na maziwa hayasafiri."

"Kweli," Scholastica alisema. "Yataganda."

"Anayesafiri ni ng'ombe."

Hata mimi niliona uzuri wa hoja ile.

"Atakayetoa ng'ombe wa maziwa kwa sampuli," aliendelea, "huyo hata mzee Nikodemo itabidi ampishe."

"Nikodemo ana ng'ombe wa nyama tu!" mama mdogo alisema, na macho yake yakawaka. "Chukua Madoa."

Madoa alikuwa ng'ombe wa mama yangu. Mama alipofariki alituacha wawili, mimi na mdogo wangu Precious, na akatuachia Madoa. Tulihamia kwa mama mdogo sisi watatu. Maziwa ya Madoa ndiyo yaliyomnunulia Precious sare na madaftari, na mwaka huu yuko darasa la saba, anasoma mpaka majina kwenye mifuko ya saruji. Mimi niliishia la tano. Madoa akiondoka, Precious naye angeishia njiani. Hilo halikuhitaji Kamati kulionja.

Nilimfuata Scholastica jikoni.

"Mama mdogo."

"Nini, Modesta?"

Nilimwona alivyokuwa anatabasamu peke yake, anapanga vikombe kama vile watalii wamefika.

"Hakuna."

"Usiogope, mwanangu. Ni ukurasa wa kwanza! Watamrudisha Madoa akiwa amenona, amekula majani ya kisiwani. Mimi mwenyewe nitakwenda kumwona na ndege."

Mchana ule nilikuwa nyuma ya banda, naosha vyombo, aliposimama mtu upande wa pili wa ukuta wa mabati na kuanza kuongea na simu. Aliongea Kikurya. Kilikuwa Kikurya cha kunyonya, chenye mikunjo yake yote.

"Ni mimi, Sylvester, hii ni laini mpya. Waambie wapishi wa kambi waandae pa kushushia, Jumamosi jioni gari linafika Mugumu. Ndiyo, watalii wa porini nao wanakula, au vipi?" Alicheka. "Nani anijue? Niliondoka Ringwani nina miaka sita. Baba alikwisha kufa. Shangazi zangu wenyewe nikikutana nao njiani nitawapita kama mawe. Mtoto wa Wangwe wa Ringwani nishindwe na watu wa Nyamongo?"

Alizunguka ukuta akanikuta na beseni.

"Umesikia nini, binti?" alisema kwa Kiswahili cha pweza.

Nilitikisa kichwa.

Akaniangalia, akaridhika, akanipa pipi.

Ijumaa nilikwenda Kerende kuchukua mkaa kwa Bibi Rhobi, kama kila Ijumaa. Siku hiyo nilichelewa kurudi. Scholastica alinigombeza akisema huo mkaa bila shaka nilikuwa nausubiri uote.

Jumamosi saa nne Fuso la Gidion lilikuwa limejaa mpaka juu. Mikungu ilipangwa kwa ustadi, matrei ya mayai yakafungwa kamba, kuku wakaning'inizwa pembeni wakiutazama mji wao kwa mara ya mwisho. Madoa alipakiwa mwisho. Alikataa kupanda. Wanaume wanne walimsukuma na yeye akaniangalia mimi tu, na mimi nikaangalia birika.

"Tuondoke, bosi," Gidion alisema. "Njia ya Mugumu ni mbaya, mayai yatalalamika."

"Njia ya wapi?" Nikodemo aliuliza.

"Ya kwenda kisiwani, mzee," Bwana Seif aliingilia. "Tunapitia Mugumu kukwepa joto."

Angeondoka dakika ile, hadithi hii angeisimulia yeye, mahali pengine, huku anacheka. Lakini Nikodemo alikuwa amechinja mbuzi wa kumuaga, mbuzi wa kukumbusha habari ya ukurasa wa kwanza, na kichuri kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka jikoni. Moshi wake ulimfikia Bwana Seif akiwa na mguu mmoja tayari ndani ya gari. Mjanja huwa na milango mia ya kutokea, ila tumbo lake lina mlango mmoja, na huo hufunguliwa na nyumbani kwao.

"Dakika tano," alimwambia Gidion.

Nilimnawisha mikono mimi mwenyewe. Nikamwekea bakuli lililojaa.

Alikuwa kwenye kipande cha tatu Bibi Rhobi alipoingia. Ni mama mzee, masikio yake yametobolewa yakavutwa kama wazee wa zamani, na kichwani alikuwa na ungo wa ndizi mbivu za kuuza. Watu walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuwatazama. Alikuwa amesimama, anamtazama mgeni.

"Chovya tena," alisema.

Bwana Seif alitabasamu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chovya tena nione."

Akachovya. Mara mbili. Akalamba kidole gumba.

Bibi Rhobi aliushusha ungo chini, polepole, akashika mdomo. Kisha akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Sylvester!"

Na shingo ya Bwana Seif ikageuka.

Ulimi wake ulikuwa umefundishwa vizuri, na mikono, na macho. Shingo hakuna aliyeifundisha. Iligeuka kama shingo ya mtoto anayeitwa kula.

"Mtoto wa kaka yangu Wangwe!" Bibi Rhobi alilia. "Anachovya kama baba yake! Mara mbili, halafu gumba! Sylvester, mwanangu, tulijua umekufa!"

"Bibi, umekosea," Nikodemo alisema. "Huyu ni mtu wa Unguja."

"Mtu wa Unguja? Mtafute mtu wa Unguja umpe hicho kichuri, kama hatamwita mama yake aje amchukue. Wewe Nikodemo, umekaa naye wiki nzima. Uliwahi kumwona anakunja uso?"

Watu walianza kukumbuka. Unaweza kuuona mji ukikumbuka, vichwa vinainama kimoja kimoja. Mchoma nyama alitoka jikoni kusikiliza vizuri, na panga la kukatia mifupa lilikuwa bado mkononi, kwa bahati tu.

Tumtazame sasa huyu mwanamume, kwa maana alistahili kutazamwa. Akikana, ataulizwa mtu wa pweza amejifunzia wapi kichuri, na swali la pili litakuwa habari ya gari. Tena atakuwa amemkana dada wa baba yake mbele ya nyama, na laana ya shangazi haina dawa hospitalini. Akikubali, ni mtoto wa nyumbani aliyekwenda mbali akawa mkubwa. Jina la kisiwani alilitumia kikazi tu. Nani atamlaumu mtoto kama huyo? Aliona mlango, akaukimbilia.

"Shangazi!" alipiga kelele, akaanguka mikononi mwa yule mama mzee.

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wa garini wakaitikia. Scholastica alilia. Bibi Rhobi alimtemea mate ya baraka viganjani, akamshika uso, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua tikiti.

"Umekonda. Huko kisiwani umekuwa mkubwa?"

"Si haba, shangazi."

"Na lile gari ni la nani?"

"Ni... la kazi yangu."

"Limejaa?"

"Limejaa, shangazi."

Bibi Rhobi aliwageukia watu.

"Jamani! Mtoto wetu amerudi, na gari limejaa!"

Huko kwetu kila mtu anajua kinachofuata hapo. Mtoto aliyetoka mbali hanywi hata maji ya kwao kabla hajagawa. Anaanza na wazee, anakwenda kwa majirani, anamaliza kwa waliomlisha. Akipita na mzigo wake kama alivyokuja, hilo gari halifiki, na wote tunaweza kukutajia magari ambayo hayakufika.

Sylvester alikuwa wa kwanza kuelewa. Rangi ilimtoka.

"Shangazi, vile ni sampuli..."

"Ni vitu vyetu vile!" Nikodemo alisema, naye amesimama. "Ni vya Kamati!"

"Kaa, Nikodemo. Vilikuwa vyenu. Mlimpa, au mlimwazima?"

"Tulimpa. Lakini..."

"Wewe mwenyewe ulitoa kwa shingo upande?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. Wiki nzima alikuwa ameutangazia mji kinyume chake.

"Nilitoa kwa moyo mmoja," Nikodemo alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ni vya Sylvester. Na Sylvester ni mtoto wa Wangwe, na Wangwe hakuwa mchoyo. Gidion, fungua turubai."

Ugawaji ulichukua saa mbili. Sylvester alisimama nyuma ya Fuso kwenye kanzu yake nyeupe akigawa kwa mikono miwili, na Bibi Rhobi amesimama pembeni na fimbo, anaelekeza.

"Yule mama wa mayai mpe mkungu. Si huo, ule mkubwa. Yule wa Busawe ana watoto saba, mpe mbuzi. Na trei moja. Mwanangu, usishike kama unaachia jino."

Mama aliyeleta trei moja alirudi na trei mbili na kuku. Mwenye karanga alipata parachichi na mbuzi. Wote walipokea huku wanasema asante, baba, Mungu akuzidishie, na kila baraka ilimwingia Sylvester kama msumari. Nikodemo, kwa kuwa alikuwa kijana kuliko wazee, na si jirani, na hakumlisha mtu, zamu yake ilifika wakati gari limebaki na majani. Alipewa trei moja ya mayai na malenge.

"Na ng'ombe," alisema Sylvester kwa haraka, akiona bado kuna kitu kimoja chenye thamani, "ng'ombe nitakwenda naye, shangazi. Ni kwa ajili ya chai."

Bibi Rhobi alimnyoshea fimbo Scholastica.

"Huyu amekulisha siku ngapi?"

"Sita."

"Ulilipa?"

Sylvester alijifuta ndizi kwenye kanzu. Kwa kweli hakuwa amelipa, maana alikuwa hashiki hela.

"Mteremshe ng'ombe."

Madoa alikataa kupanda, lakini kushuka alishuka mwenyewe, akaja moja kwa moja akasimama karibu na mimi, akaramba birika.

Hapo Sylvester alilia. Alilia machozi ya kweli, na watu walimpiga mgongoni wakisema, ni furaha hiyo, acha imtoke. Baadaye nilifikiri labda nusu yake ilikuwa furaha kweli. Mtu aliyeondoka na miaka sita, hakuna aliyewahi kumlilia kwa jina lake mbele ya watu.

Gidion aliuliza kuhusu mafuta yake, akapewa saa ya mkononi ya Sylvester. Kanzu ilibaki imechafuka kwa ndizi. Sylvester alipanda mbele ya Fuso tupu, na Bibi Rhobi akampitishia dirishani ndizi mbivu zote za kwenye ungo, kwa sababu shangazi hamwachi mtoto aende mikono mitupu.

"Na mwakani uje na mke!" alipaza sauti. "Au nitafute mimi?"

"Tafuta, shangazi," alijibu, na gari likaondoka haraka kidogo kuliko inavyofaa kwa msafara wa heshima.

Kitabu alikisahau mezani. Nikodemo alikipekua mbele nyuma, akakuta hajaandikwa hata kwenye gundi, akakitupa. Mimi nikakiokota. Karatasi zake ni nzuri, hazivujishi wino. Nilikaa nacho muda mrefu, halafu Precious akanikalia mbele akaniambia, dada, andika basi. Ukurasa wa kwanza nilianza na kichuri.

Sasa tangu siku ile, kila mwezi, basi la Mugumu hushusha mfuko wa Bibi Rhobi wa Kerende. Huwa kuna sukari kilo mbili na majani ya chai. Mara moja kulikuwa na kitenge. Mara moja kulikuwa na miwani, na haikumfaa, lakini anaivaa kanisani. Juu ya mfuko kumeandikwa kwa kalamu, "Kwa shangazi." Bibi huniita nimsomee, ingawa ni maneno mawili yale yale, na akishakunywa chai husimulia jinsi kaka yake Wangwe alivyokuwa mtundu alipokuwa mdogo.

Mama mdogo hajui hili. Nikodemo hajui. Hata Precious sijamwambia, ndiyo maana naandika. Bibi Rhobi hana kaka anayeitwa Wangwe. Ana dada wawili, na wote wako Kenya. Ile Ijumaa nilikaa kwake saa nzima juu ya gunia la mkaa, nikaongea maneno mengi kuliko niliyowahi kuongea tangu mama afariki. Nilimpa jina la mtoto, na jina la baba, na habari ya kidole gumba. Machozi aliyatoa mwenyewe, hayo sikumfundisha.

Kwa hiyo Sylvester, kama kitabu chako kitakufikia siku moja, yule si shangazi yako. Lakini amekufugia jogoo wa Krismasi, na hataki mtu mwingine amguse.